Muuguzi Asiyeitika Salamu

Watu wa Mabamba waliniita mwanamke asiyeitika. Walinisema kisimani, walinisema gulioni, walinisema hata mlangoni pa kanisa, na mimi nawapita kichwa juu. Jina langu ni Josepha, Muha wa Heru Juu, muuguzi, na hasira ninazo tangu tumboni mwa mama. Lakini kutoitika kwangu hakukutokana na hasira. Nisikilizeni nieleze, maana hadi leo wapo wanaolisimulia jambo hili vibaya.

Mwaka wa sabini na tatu nilikuwa kwenye kituo kidogo cha afya kando ya barabara ya Mabamba. Tulikuwa watatu. Mganga wetu alikuwa Bwana Gharibu, mtu wa Pangani, mwungwana, mwoga wa wakubwa kupita kiasi. Wa pili mimi, wa dawa na sindano. Wa tatu Tharsisi, mtu mzima wa miaka hamsini, aliyechemsha sindano na kuosha vidonda, mchache wa maneno mpaka unamwonea huruma mkewe. Tulizoea wagonjwa sitini kwa siku. Kisha wenzetu wa Burundi wakaanza kuvuka mpaka, watoto mgongoni, miguu imevimba, na wale sitini wakawa mia tatu. Wiki tatu sikupumzika hata siku moja. Nilikuwa nasinzia nimesimama.

Sasa, kwetu Uha salamu si neno moja la kutupiana njiani. Unaweka chini ulichoshika, unapiga makofi taratibu, unasema mwakeye, unaulizwa watoto, unaulizwa mbuzi, unaulizwa maharage shambani, nawe unauliza yote hayo kwa zamu yako. Ukiitika huku mikono imeshika kitu, umemdharau mtu. Ukinyamaza, umemtangazia ugomvi. Bwana Gharibu alikuja akidhani watu wa pwani ndio wanaojua kusalimiana. Wiki yake ya kwanza alikosa chakula cha mchana siku tatu, salamu hazijaisha.

Asubuhi moja nilikuwa navuta kwinini kwa ajili ya mtoto mchanga wa mkimbizi mmoja. Nimeshavuta kipimo, sindano iko mkononi, mara mama mmoja jirani yangu akaingia. Mwakeye, Josepha! Nikaiweka sindano kwenye sahani, nikapiga makofi, tukaulizana mpaka mbuzi wa shangazi. Nilipogeuka, kichwa kilikuwa kizito, macho yanawasha. Nikashika sindano, nikavunja kichupa kingine, nikavuta tena juu ya ile dawa ya kwanza. Nikamwendea mtoto.

"Sista," Tharsisi akasema nyuma yangu. "Hiki kichupa cha kwanza ni cha nani?"

Mungu wangu! Nilikuwa na dawa ya watoto wawili ndani ya sindano moja, na kwinini ikizidi husimamisha moyo. Niliimwaga, nikavuta upya kipimo kimoja, nikamchoma mtoto, kisha nikaenda nyuma ya kituo nikalia kwa sauti kubwa, na sioni haya kusema. Yule mtoto aliponyonya jioni ile nilimtazama mpaka mama yake akaanza kuniogopa.

Kesho yake nikamwambia Tharsisi, kila mtu atakayenisemesha nikiwa nimeshika dawa, tia punje moja ya haragwe ndani ya kopo. Saa sita mchana tukamwaga kopo mezani. Punje arobaini na tatu!

"Thelathini na mbili ni za salamu," Tharsisi akasema. "Zilizobaki ni za Bwana Mganga."

Basi nikakata shauri. Nilichukua kanga yangu nyekundu nikaitupia begani, nikamwaga mstari wa majivu sakafuni mbele ya meza ya dawa. Kanga ikiwa begani, hakuna kunisalimu wala kuniuliza lolote. Nami sisemi kitu isipokuwa maandishi ya kichupa: nayasoma kwa sauti, Tharsisi anayatazama kwa macho yake mwenyewe na kuyarudia. Wakishapita wagonjwa kumi, navua kanga, navuka majivu, napiga goti, nawasalimu wote kwa makofi kama nilivyolelewa. Tena adhuhuri, Bwana Gharibu akienda kusali, mimi najilaza nusu saa kwenye mkeka wa stoo. Alipotaka kunikatalia nilimuuliza kama yeye yuko tayari kuchomwa sindano na mtu aliyelala. Akachukua msala wake akatoka.

Thubutu! Nilidhani watu watanielewa? Walikuja juu. Kumbe huyu amesoma akawa Mzungu! Kumbe ametusahau! Jirani yangu yule wa mbuzi wa shangazi akaacha kuniuzia maziwa. Usiku nilikuwa nawaza, labda kweli nimeharibikiwa. Lakini nikimkumbuka yule mtoto mchanga, asubuhi naichukua kanga.

Akaja Mzee Ildefonsi. Huyu alikuwa mrina asali mkubwa, mizinga yake imetapakaa msituni, na hakuna harusi iliyofungwa Mabamba bila asali yake. Sauti yake ilisikika kabla hajaonekana. Siku hiyo aliingia na binti yake Rosa, na Rosa amembeba mwanawe wa miaka mitatu, homa imempanda kichwani, anarusha miguu kwa degedege. Wakampitisha mbele ya foleni. Nilikuwa na kanga begani, nimekishika kichupa.

"Mwakeye!" Mzee akasema.

Nikakigeuza kichupa kwenye mwanga.

"Mwakeye, binti wa Heru!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee rika la babu yangu, mjukuu wake anakufa, na mimi nimempa mgongo! Akapiga fimbo sakafuni mara ya tatu, foleni nzima ikaguna. Sikugeuka. Nikasoma kichupa kwa sauti, "Kwinini, miligramu mia sita."

Tharsisi akakiinamia kichupa. "Mia sita? Sista, vya jana vilikuwa mia tatu."

Nikasoma tena, neno kwa neno. Kweli tupu. Ile shehena mpya iliyofika jana jioni ilikuwa na dawa nzito maradufu, na vichupa vimefanana na vile vya zamani kama watoto pacha. Hakuna aliyetuambia. Mkono wangu ulikuwa umeshazoea kuvuta kiasi kilekile, na kwa siku ile kiasi kilekile kilikuwa kifo. Nikavuta nusu. Tharsisi akatazama, akasema, "Nusu." Nikamchoma mtoto. Nilipoinua uso, Mzee Ildefonsi alikuwa ameshaondoka, na majivu yangu ameyatawanya kwa fimbo.

Jioni Bwana Gharibu akaniita. "Ndugu Josepha, Mzee amekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Jumamosi kuna mkutano hapa uwanjani. Utaivua kanga hiyo mbele ya watu na uombe radhi. Ukikataa, naandika barua wilayani uhamishwe."

"Nikiivua," nikamwambia, "wewe ndiye utakayemzika mtoto atakayefuata. Andaa na hotuba."

Maneno makali, lakini nilipofika nyumbani nilihesabu fedha nilizokuwa nazo. Kazi ile ndiyo iliyowalisha wazazi wangu Heru Juu. Na Waha wenzangu wote walikuwa upande wa Mzee.

Jumamosi uwanja ulijaa. Mzee Ildefonsi alisimama akasema kwa uchungu, wala sikumlaumu: "Nimemsalimu mara tatu. Hata mbwa ukimwita mara tatu anatikisa mkia!" Watu wakapiga kelele. Bwana Gharibu akanitazama, akatazama kanga yangu. Nilikuja nayo begani.

Nikasimama. Kwanza nikaivua nikaikunja, nikapiga goti, nikapiga makofi, nikamsalimu Mzee salamu yote, na mizinga yake nikaiuliza. Akaitika kwa shingo upande. Kisha nikasema:

"Mzee, naomba kukuuliza. Ukiwa juu ya mti, kamba kiunoni, unashusha mzinga na nyuki wamekasirika, watu wanaopita chini wanakusalimu?"

"Nani?" akafoka. "Anisalimu nikiwa juu ya mti? Nigeuke nianguke nife? Mjinga wa wapi huyo! Wanasimama kimya mpaka mguu wangu ukanyage chini, ndipo..."

Akaiteremsha fimbo. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akacheka na wa pili.

Tharsisi, ambaye sijawahi kumsikia akihutubia hata kuku, akaja mbele na vichupa viwili. Akamwekea Mzee mkononi, kimoja kila kiganja. "Hiki kinaponya mjukuu wako," akasema. "Hiki, kwa kipimo kilekile, kinamuua. Tulikuwa na hiki cha pili siku ile. Ulipopiga fimbo, sista alikuwa anasoma." Akarudi kukaa.

Mzee alivigeuzageuza akashindwa kuvitofautisha. Akampa Rosa, naye akashindwa. Rosa alikuwa amempakata mwanawe, mzima, anatafuna kipande cha muhogo, anatuangalia wote kana kwamba tumemchosha. Mzee akamtazama mtoto, akanitazama mimi, machozi yakamtoka waziwazi mbele ya kijiji kizima.

"Alikuwa juu ya mti," akasema kwa ile sauti yake ya msituni. "Na mimi nilikuwa natikisa mti!"

Weee, uwanja ulilipuka! Wanawake walipiga vigelegele, jirani yangu wa maziwa akiwa wa kwanza, mnafiki mkubwa yule, na nilimpenda vilevile. Bwana Gharibu akatangaza kwamba yeye tangu mwanzo aliiunga mkono kanga. Nikamwacha, siku ilikuwa nzuri mno.

Jumatatu nilifika nikamkuta Mzee Ildefonsi ameketi kwenye benchi la mlangoni, haumwi popote. Mstari wa majivu ulikuwa umeshamwagwa, umenyooka kuliko ninavyoumwaga mimi. Nikatupia kanga begani. Kila aliyeingia akifungua mdomo, Mzee alimnyooshea fimbo: "Kimya! Yuko juu ya mti." Wale wageni wa Burundi walielewa upesi, maana na kwao asali inarinwa.

Nikasoma, Tharsisi akarudia. Nikavuta, Tharsisi akatazama. Wagonjwa kumi walipita, na ndani ya chumba ulisikia maji ya sindano yakichemka tu. Kopo la maharage lilikuwa tupu.

Nikavua kanga. Nikavuka majivu.

Mzee akaweka fimbo chini, akasimama, akaanza kupiga makofi taratibu. Nyuma yake Rosa akapiga, kisha benchi zima, kisha foleni yote hadi barabarani, mamia ya mikono kwa mpigo mmoja. "Mwakeye, Josepha!"

Nilipiga goti. Niliitika kwa sauti, nikauliza watoto, nikauliza mbuzi, nikauliza mizinga, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho.