Gauni la Damu ya Mzee

Kafa Ulaya. Ndivyo wanaume wa Mazwi walivyoziita nguo za mitumba zilipoanza kumiminika Sumbawanga enzi za ruksa, baada ya miaka mingi ya kupanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya doti moja ya khanga. Walisema Mzungu mwenye akili timamu hatoi nguo nzima isiyo na kiraka. Lazima mwenyewe kafa, na ndugu zake wanahamisha mkosi. Haya, tuseme hivyo. Lakini wanaume haohao baridi ya Juni iliwakuta ndani ya makoti ya mitumba, na Jumapili walipokea komunyo katika suruali za mitumba, na hakuna koti hata moja lililosemekana mwenyewe kafa. Kwa hesabu yao, waliokufa huko Ulaya walikuwa wanawake watupu.

Redempta aliwacheka sana kwa hilo. Alikuwa fundi cherehani, baraza yake ikitazamana na njia ya kwenda sokoni. Mume wake alivuka mpaka wa Kasesya kwenda kutafuta maisha Zambia, akayapata, na mwanamke juu yake. Tangu hapo Redempta alishona nguo za wengine na kusikiliza maneno ya wengine. Hakuna mtu aliyegeuza shingo kumtazama yeye, na alijiambia kwamba amezoea.

Siku mdogo wake Modesta alipokuja na gauni, hakucheka.

Lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, kitambaa kizito kinachoanguka chenyewe, halina mikono, na mgongoni limefungwa kwa vifungo kumi na viwili vilivyovikwa kitambaa hichohicho. Modesta alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega mapana ya mtu aliyeshika jembe tangu utotoni, na maisha yake yote nguo za dukani zilimbana. Hili lilimkaa. Redempta alilizunguka na sindano mdomoni akitafuta pa kurekebisha, akakosa. Ndani ya kifua chake kitu kidogo kilichomeka, naye akakiita furaha.

Wanawake wa jirani walikusanyika barazani. Wakamgeuza Modesta, wakamgeuza tena, wakashika pindo, wakachungulia mshono kwa ndani. Coleta, jirani wa ukuta kwa ukuta, alipitisha kidole kwenye vifungo na kusema, "Aliyeshona hili hakuwa na haraka ya kwenda popote."

"Na aliyelivaa, kafa?" Modesta aliuliza, nusu mzaha.

"Si umuulize Masalu aliyekuuzia."

Masalu alikuwa Msukuma ambaye ukoo wake ulichunga ng'ombe bondeni, Ilemba. Yeye aliacha fimbo akawa anafuata mitumba mpakani. "Nimemuuliza," Modesta alisema. "Anasema ng'ambo pale Zambia nguo hizihizi wanaziita salaula. Maana yake kupekua na kuchagua. Hakuna marehemu hata mmoja."

"Kumbe huyo Mzungu wenu kafia Kasesya!" Coleta alisema, na wanawake wakacheka mpaka wakashikana.

Wanawake walisema gauni limemvika Modesta. Wanaume walisema limemvua. Kwenye kilabu cha pombe aliyesema zaidi alikuwa Kasmir, kaka yake Clemens, na Clemens ndiye mume wa Modesta. "Nguo ya maiti ina mwenyewe, na mwenyewe ipo siku atadai," Kasmir alisema. "Halafu yale mabega, anamwonyesha nani?" Clemens alikuwa seremala, mtu mpole, asiyejua kubishana na mkubwa wake. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe asilivae tena. Modesta hakupiga kelele. Alilikunja, akaliweka sandukuni, na siku za mvua, mlango ukiwa umefungwa, alilivaa akafagia nalo chumba.

Mwezi wa pili malaria ikampanda kichwani. Siku ya tatu homa ilimwachia kidogo, akamshika Redempta mkono.

"Dada, nikienda, nivalishe lile. Usimsikilize mtu."

"Acha kusema hivyo, mdogo wangu."

"Niambie utanivalisha."

"Nitakuvalisha," Redempta alisema, na alimaanisha. Hilo lisibishwe. Wakati ule alimaanisha kwa moyo wote.

Modesta alifariki kesho yake asubuhi. Kabla ya jua la adhuhuri maneno yalikuwa yameshazunguka kambi ya wanaume iliyowasha moto uani: ameitwa na mwenye gauni. Clemens alikuwa nyuma ya nyumba akiranda mbao za jeneza la mkewe kwa mikono yake mwenyewe, na hakumruhusu mtu kumsaidia. Kasmir ndiye aliyekuja mlangoni mwa chumba cha wanawake na kutoa neno la ukoo: marehemu avalishwe vitenge vya ndoa yake, na lile pepo la Kizungu lichomwe moto.

"Tumesikia," shangazi Cornelia alijibu. Alikuwa dada wa baba yao Redempta na Modesta, mkubwa wa wote pale. Alipofunga mlango akageuka kwa wenzake. "Tutamvalisha lake. Vitenge juu, shuka juu ya vitenge. Wanaume wao huona cha juu tu."

Wanawake waliitikia kwa vichwa. Katika msiba ule mzito kikapita kitu kama ushindi, na Coleta akafuta machozi akiwa anatabasamu. Redempta alikuwa amelileta gauni ndani ya kapu, limefunikwa taulo. Walipomaliza kumwosha, Kasmir aligonga tena akisema padri ameshafika, na Cornelia akatoka na wenzake kwenda kumzuia kwa maneno. "Mvalishe wewe," alimwambia Redempta. "Wewe ndiye fundi, na ndiye dada."

Alibaki na mdogo wake peke yao. Alilitoa gauni. Lilikuwa na joto, labda la kapu. Alipitisha kiganja kwenye kitambaa kile kizito, akafikiri juu ya udongo mwekundu na mchwa, na jinsi ambavyo katika maisha yake hajawahi kuvaa kitu cha namna ile, na hatavaa. Akamtazama Modesta usoni kama mtu anayeomba ruhusa. Mwishowe alilikunja gauni, akalirudisha kapuni, na taulo juu. Akamfunga mdogo wake vitenge, akamfunika shuka mpaka kidevuni. Mikono yake ilifanya kazi vizuri kabisa, na hilo ndilo lililokuja kumtisha baadaye.

"Tayari?" Cornelia aliuliza mlangoni.

"Tayari, shangazi."

Cornelia alipapasa shuka begani, akaridhika. Wakamzika.

Siri ya wanawake haikai, hata iwe njema. Ndani ya wiki mbili kila jiko la Mazwi lilikuwa linajua kwamba Modesta alizikwa na gauni lake chini ya pua za wanaume, na aliyemvalisha ni dada yake. Wakamletea Redempta kazi ambazo zamani walizipeleka kwa mafundi wa mjini. Wakamshika mkono kwa mikono miwili. "Umemtendea mdogo wako," walisema, na Redempta akajibu, "Ningefanyaje." Kila aliposema hivyo aliinamia cherehani.

Gauni lilikuwa chini ya kitanda chake. Alijiambia atalitunza tu. Baadaye akajiambia ataangalia tu kama limeingia nondo. Adhuhuri moja mvua ilipofunga njia na hakuna mteja, alishusha pazia, akalivaa. Lilimning'inia. Mabega yalimwanguka mpaka kwenye mikono, kiuno kikamfika nyongani, akaonekana mtoto aliyeiba nguo ya mama yake. Alivyo fundi, hakuweza kuvumilia nguo isiyokaa. Akachukua mkasi.

Alipunguza mabega inchi mbili kila upande. Akakata kiunoni, akapandisha pindo. Alifanya kazi ile vizuri kuliko zote alizowahi kufanya, akifikiri juu ya safari ya Mbeya, kwenye harusi ya rafiki, ambako hakuna alijuaye gauni lile. Mkasi ulipokuwa unapita alihisi mtu amesimama nyuma yake, karibu kabisa, kama mteja anayesubiri kupimwa. Alichukua futi kamba shingoni, akageuka. Mvua ilikuwa inanyesha. Hapakuwa na mtu.

Tangu siku ile yule mteja hakuondoka. Alikuja mchana, saa za kazi, cherehani ikiwa inalia. Hakugusa kitu, hakusema kitu, alisubiri tu, kwa subira ileile aliyokuwa nayo Modesta kila aliposimamishwa na kugeuzwa. Redempta alishona vibaya suruali ya katekista. Aliweka mfuko ubavu usio wake. Alianza kuketi akiegemeza mgongo ukutani, na hata ukuta ukawa kama unapumua. Zamani lilikuwa gauni la Mzungu fulani aliyekuwa hai kwao, amelichoka, ananunua lingine. Hakuna marehemu hata mmoja. Yeye ndiye aliyelitia marehemu. Sasa lilikuwa kafa kweli, na lilikuwa limekufa hapahapa Mazwi. Aliogopa, na aliona aibu, na bado siku nyingine alilivaa na kujitazama kwenye kioo. Alipendeza. Huo ndio ukweli.

Baada ya arobaini, jioni moja ya upepo, Clemens alipiga hodi.

"Karibu, shemeji."

Alikuwa amekonda. Aliketi kwenye benchi la wateja, akashika kofia yake magotini, akangoja mpaka Redempta akaacha kukanyaga cherehani.

"Shemeji, nimekuja na neno. Wake za ndugu zangu wanasema mlimzika na lile gauni."

Redempta alikata uzi.

"Nilipolisikia nilikasirika. Siku mbili. Baadaye nikafurahi, sijui kwa nini. Hapana, najua." Alizungusha kofia. "Siku ya kwanza alipolivaa nilitoka karakana nikamwona pale uani. Nilisimama nje ya ua wangu mwenyewe, sauti haitoki. Alipendeza mpaka nikaogopa. Kaka aliposema ni la maiti, nikaona afadhali, nimepata sababu. Sijawahi kumwambia kwamba alipendeza. Hata mara moja."

"Anajua, shemeji."

"Hajui. Wanawake mlimwambia, mimi sikumwambia." Akamtazama. "Sasa ananijia ndotoni. Kila siku. Amejikumbatia mabega hivi, kama anasikia baridi. Nikimuuliza, anatazama pembeni. Kama mlimvalisha lake, mbona ana baridi? Wewe ndiye uliyemvalisha. Niambie tu ndiyo, nikalale."

Neno lilikuwa moja, na jepesi. Alishawapa wanawake wa Mazwi wote. Lingemshinda vipi kumpa mgane mmoja? Redempta alifungua mdomo kusema ndiyo, na nyuma yake, kati ya mgongo wake na ukuta, pale ambapo hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha mkono, mtu aliinama kusikiliza.

"Hapana," alisema. "Sikumvalisha. Nilimwahidi, na sikumvalisha. Nililitamani."

Aliingia ndani, akatoka nalo, akaliweka mikononi mwa Clemens. Alikuwa analia sasa, waziwazi, kama anavyolia mtu aliyebanwa muda mrefu. "Chukua. Mpelekee. Fukua kidogo tu, uliweke juu yake, nitakwenda na wewe. Mwambie mimi ndiye niliyemnyima."

Clemens alisimama. Aliinua gauni kwenye mwanga wa mlangoni akilishika mabegani, kwa vidole viwiliviwili, na uso wake ukafunguka. Kwa kitambo kidogo alikuwa kijana aliyesimama nje ya ua wake. Halafu mikono yake, bila yeye kuiagiza, ikajaribu kufunguka zaidi. Ilitafuta upana inaoujua. Kitambaa kikakaza, kikagoma. Akakishusha, akakiinua tena.

"Hili si lake, shemeji," alisema taratibu.

"Ni lenyewe, Clemens. Tazama vifungo. Nimelipunguza tu."

"Si lake. Mabega ya mke wangu nayajua. Niliyapimia mbao."

Hakuwa na hasira. Alilikunja, upande kwa upande, akalilaza juu ya cherehani, akavaa kofia, akainama kwenye mlango mfupi, akaenda zake.

Redempta aliketi palepale na mkasi akaanza kufumua. Alifumua bega la kushoto, akafumua la kulia, uzi baada ya uzi, haraka, kabla Clemens hajafika mbali. Kisha akakumbuka kwamba vipande alivyovikata, vyote, aliviwashia moto wa chai asubuhi ya siku hiyohiyo.