Kitabu cha Sauti Mbili

Macho ya Mwalimu Damari yalipozimika kabisa, watu wa Uyole walimpa pole kwa mambo mengi: shamba ambalo hataliona tena, wajukuu ambao hatawajua sura, moto wa jikoni. Hakuna aliyempa pole kwa vitabu, na vitabu ndivyo vilivyomuuma kuliko vyote. Alikuwa amefundisha Kiswahili shule ya msingi tangu usichana wake, na kila Ijumaa kipindi cha mwisho alikuwa akiwasomea wanafunzi hadithi kwa sauti, darasa zima kimya, hata wale watundu wa dawati la nyuma. Presha ya macho ilimwanza polepole. Ikamla mwanga pembeni, kisha katikati, hadi jioni moja akamwuliza mumewe kama taa imewashwa, naye mumewe akachelewa kujibu.

Mume huyo aliitwa Gideoni, mtunza ng'ombe pale kituo cha utafiti wa kilimo. Hakuwa mtu wa vitabu. Lakini ndiye aliyesikia kanisani kwamba Iringa, mtaa wa Mlandege, kuna kituo kidogo kinachowarekodia wasioona vitabu kwenye kaseti na kuwatumia kwa basi, na ndiye aliyekwenda kuomba. Alirudi na redio kaseti yenye mkono wa kubebea, akaiweka mezani mbele ya mkewe.

"Mama Isakwisa, vitabu vyako hivi."

Damari akaipapasa, vidole vikasimama juu ya vitufe. "Nisomewe kama mtoto? Msomaji nilikuwa mimi."

"Basi wasikilize uone kama wanajua. Wasipojua utawasahihisha."

Hilo la kusahihisha lilimwingia.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha upelelezi, karani kauawa ghalani, na msomaji alijitambulisha kuwa Joachim. Sauti yake ilikuwa nzito na safi, kila herufi mahali pake. Tatizo ni kwamba alisoma kila kitu kwa namna ile ile padri anavyosoma matangazo ya ndoa. Sentensi ilipanda, ikatembea, ikashuka, ikasimama. Damu ilipopita chini ya mlango wa ghala, Joachim aliitangaza kana kwamba ni kikao cha Jumanne.

"Huyu anajua kusoma," akasema Gideoni, ameridhika. "Husikii neno limepotea."

"Maneno hayajapotea, Baba Isakwisa. Kilichopotea ni woga. Mtu kauawa na sijashtuka."

Hata hivyo alisikiliza mpaka mwisho, na aliomba kingine. Mawe ya redio mwaka ule wa sabini na saba yalikuwa ya kutafuta kila duka, hivyo Gideoni aliyaanika juani ukutani ili yapate nguvu kidogo, akiyageuza kama mtu anayeanika dagaa.

Kaseti zilizofuata zilikuja ndani ya kifuko cha kitambaa, na humo ndimo ilimokuwa sauti ya Apolonia.

Kitabu kiliitwa *Mjane wa Rujewa*. Kilimhusu mwanamke mwenye kilabu cha pombe, anayelea mtoto na hataki kumtaja baba wa mtoto huyo. Apolonia alikuwa na Kihehe ndani ya Kiswahili chake. Maneno mengine aliyavuta, mengine aliyashusha mahali ambapo mtu wa pwani angeyapandisha. Damari mwalimu alitaka kulalamika. Damari msikilizaji alisahau kulalamika kabla kaseti haijafika nusu. Apolonia hakuigiza sauti za watu. Hakuukoromea uzee wala kuulilia utoto. Alibadilisha mwendo tu. Mjane alipoongea, maneno yalikuja mazito, moja moja, kama mtu anayepanga matofali. Shemeji yake alipoongea, yalikuja yakikimbizana, na hapo hapo ukajua kuwa shemeji ni mwongo, ingawa mwandishi alikuwa hajasema. Kubwa zaidi, Apolonia alisoma kana kwamba hata yeye hajui ukurasa unaofuata una nini.

Walifika pale wazee wanapomweka mjane kati na kumwuliza: mtoto huyu ni wa nani? Apolonia akasoma swali. Kisha kimya.

Kimya kikakaa. Kikazidi. Damari akafikiri mawe yameisha, akanyoosha mkono kuigusa mashine. Ndipo sauti ikaja, chini kabisa, karibu na sikio: "Ni wangu."

Mkono wa Damari ulibaki hewani. Kutoka jikoni ulikuja moshi wa maharage yaliyokauka maji, na Gideoni, ambaye ndiye aliyekuwa anayaangalia, alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Huyo," akasema Damari, "ndiye msomaji."

"Huyo," akakubali Gideoni, "ameniunguzia maharage."

Tangu hapo Damari alianza kujibu. Kila kaseti ilikuwa na nafasi kidogo mwishoni, na mashine ilikuwa na kitufe cha kurekodia. Alikaa wima kama mtu anayehutubia, akasema: "Hapa ni Mwalimu Damari, Uyole. Dada Apolonia, nimekusikia." Kisha akamwambia alichokipenda, kwa mifano, na palipolegea hakupaficha. Vitabu vikaja na vitabu vikarudi, na kila kimoja alikifunga kwa neno lake. Hata Joachim alipata sifa zake siku alipokuja na kitabu cha ufugaji wa nyuki. Sauti ile ya matangazo, ambayo ilikuwa imeua upelelezi, ilikaa juu ya nyuki kama imeshonewa. Uliiamini. Ulitaka kwenda kununua mizinga.

Jibu halikuja. Damari alijifariji kwamba Iringa wana kazi nyingi.

Kisha kikaja *Kivuko cha Chini*, kitabu kirefu cha familia iliyohama na ng'ombe wake kuelekea bonde la Usangu. Apolonia alikisoma vizuri kuliko vyote vilivyotangulia. Kulikuwa na bibi kizee humo, anabebwa mgongoni na mwanawe kuvuka maji, na njia nzima anamkosoa anavyotembea. Damari alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Usiku mmoja familia ikafika ukingo wa mto mkubwa, mwana akamshusha bibi chini, akamwambia, "Mama, ngoja hapa." Kaseti ikaisha. Damari akaweka inayofuata, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Joachim.

"Sura ya kumi na mbili," akasema Joachim, safi, herufi kwa herufi.

Damari akaizima.

"Labda mgonjwa," akasema Gideoni.

"Wangesema. Mtu habadilishiwi mama katikati ya mto bila kuambiwa." Akairudisha kaseti ndani ya kifuko. "Nataka kwenda Iringa."

"Iringa siyo sokoni Uyole, mke wangu. Ni siku nzima barabarani."

"Ndiyo maana nakuambia leo, uombe ruhusa kazini."

Gideoni alimfahamu. Akaomba ruhusa.

Basi liliondoka asubuhi yenye ukungu. Damari alikaa dirishani kwa mazoea, kifuko cha kaseti mapajani. Alijua wamefika Mafinga kwa harufu ya mbao mbichi za misonobari na kwa ngurumo ya malori yaliyokuwa yakisubiri kupakia, na abiria mmoja aliyepandia pale alinuka pumba za msumeno mpaka Iringa. Walilala kwa jamaa wa kanisani. Kesho yake wakaulizia kituo.

Kilikuwa vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mtu. Aliyefungua mlango alisema, "Karibuni, poleni na safari," na Damari akatabasamu kabla hajatambulishwa.

"Wewe ni Joachim."

"Ndiye, mama. Umenijuaje?"

"Umeniulia karani ghalani."

Joachim alicheka kwa aibu. Nje ya kaseti alikuwa mtu mpole, mwenye haraka ya kutafutia wageni viti. Alimwonyesha Damari chumba cha kurekodia kwa kumshikisha: mablanketi yaliyoning'inizwa ukutani kuzuia mwangwi, meza iliyofunikwa kanga ili karatasi zisiparuze. Damari alipouliza kuhusu Apolonia, mikono ya Joachim iliacha kuonyesha.

"Ameacha, mama. Hakugombana na mtu. Alisema amechoka kuongea na mablanketi. Miaka miwili anasoma, hajui kama yupo hata mtu mmoja anayesikia. Alisema ni afadhali ashone nguo, mteja akija anavaa, unaona imemkaa au haikumkaa."

"Lakini mimi nilimwambia," akasema Damari. "Kila kaseti. Mwishoni."

Joachim alisogeza kiti karibu naye.

"Mwishoni mwa kaseti?"

"Nilirekodi pale penye nafasi."

"Mama," akasema Joachim polepole, "kaseti zikirudi tunazifuta. Tunazo chache, tunarekodi kitabu kingine juu yake. Hatukuwahi kusikiliza zinazorudi. Haikutujia kwamba mtu angeweka kitu."

Damari alikaa. Aliyafikiria maneno yake yote yale, yaliyopangwa vizuri, yakifutwa na nyuki na wapelelezi. Hakumkasirikia Joachim, sauti yake ilionyesha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Alishika tu mkono wa mumewe akasimama.

"Nipeleke kwake."

Joachim aliwaongoza; hapakuwa mbali. Walisikia cherehani kabla hawajafika, kisha ikanyamaza, na mtu akasalimu kwa Kihehe, "Kamwene. Karibuni ndani, mtaniwia radhi vitambaa vimetapakaa." Sauti ilikuwa ndogo kuliko ya kwenye kaseti, ya haraka, ya mtu mwenye pini mdomoni. Kwa kitambo Damari alidhani wamekosea nyumba. Kisha yule mama akatoa pini na kusema, "Karibu, mama, keti hapa," na kwenye lile "hapa," lilivyoshuka, akamtambua.

"Naitwa Damari, natoka Uyole. Nimekuja kukuambia kwa mdomo, maana kwa kaseti hayakufika."

Akamwambia yote. Alimwambia jinsi alivyomjua shemeji kuwa mwongo kwa mwendo wa maneno yake. Alimwambia kuhusu bibi anayekosoa akiwa mgongoni. Alimwambia kwamba tangu macho yake yaende, ni sauti hiyo tu iliyomfanya asahau kuwa hasomi yeye mwenyewe. Kiti cha Apolonia kililia mara moja.

"Na pale wazee walipomwuliza mtoto ni wa nani," akasema Damari, "ulingoja. Nikadhani mashine imekufa. Nimefundisha kusoma miaka yangu yote, na sijawahi kuthubutu kungoja namna ile."

Apolonia akaanza kucheka, kicheko cha mtu anayejaribu kukizuia.

"Mwalimu, nisamehe. Pale nilikuwa nimepoteza mstari."

"Umepoteza nini?"

"Mstari. Kurasa zilikuwa zimegandana. Nikawa nazibandua taratibu zisisikike, huku mashine inazunguka."

Gideoni ndiye aliyeangua kicheko kwanza, akafuatwa na Joachim aliyekuwa amesimama mlangoni, na Damari akawa wa mwisho. Kisha Apolonia akaongeza, sasa kwa ile sauti nyingine, ya polepole: "Ila baadaye nilijisikiliza. Joachim akasema turudie. Nikamwambia hapana, uache. Nilihisi yule mama angengoja kweli."

"Basi kumbe ni wewe," akasema Damari. "Kurasa ziligandana zenyewe, lakini kukiacha kimya kile ulichagua wewe."

Walikunywa chai isiyo na sukari, maana sukari haikuwepo Iringa kama isivyokuwepo Mbeya. Apolonia aliuliza palipolegea, na Damari hakumficha: wanaume wenye hasira unawasoma kama mchuuzi anayeita wateja, shusha sauti, hasira ya kweli haipigi kelele. Apolonia aliyarudia maneno hayo kwa sauti ya chini, kama anayepima kitambaa kabla ya kukata. Kisha Damari akamgeukia Joachim, kule alikosikia pumzi zake.

"Na wewe, nyuki wako nimewasikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Mtu akitaka kunifundisha jambo, nataka awe wewe. Mtu akitaka kunitesa roho, mwachie huyu mama."

"Sura ya kumi na mbili nimeshaisoma, Mwalimu," akasema Joachim. "Nilijitahidi."

"Najua ulijitahidi. Nilisikia maneno matano tu, siwezi kukuhukumu." Akaweka kikombe chini. "Lakini bibi yangu bado yuko ukingoni."

Apolonia alisimama. Wakasikia anafunika cherehani.

Walirudi wote wanne kituoni. Joachim alifuta sura zake mwenyewe, na alifanya hivyo bila kununa, akieleza kila kitufe anachobonyeza ili Damari ajue. Apolonia akaingia nyuma ya mablanketi. Damari alialikwa akae ndani, akakataa. Alikaa benchi la nje na mumewe, mlango umefungwa, na kilichopenya kilikuwa mnong'ono tu, unapanda na kutulia, hata neno moja halishikiki.

"Hutaki kwenda kusikia?" akauliza Gideoni. "Tumetoka mbali."

"Nitasikia nyumbani. Akijua nipo mbele yake atanisomea mimi. Nataka amsomee bibi."

Siku hiyo hiyo Joachim aliweka utaratibu mpya: kila kaseti inayorudi isikilizwe mpaka mwisho kabla ya kufutwa. Waliyoyakuta huko, alimsimulia Damari baadaye kwa kaseti, yaliwashangaza. Damari hakuwa peke yake. Bibi mmoja wa Njombe alikuwa amewaimbia tenzi. Mzee Nyanda, Msukuma aliyehamia Usangu na mifugo yake, alikuwa amelalamika kwa urefu kwamba katika kitabu kimoja ng'ombe wanakamuliwa kwa upande usio wao. Apolonia alianza kuwajibu, kila mmoja kwa jina, kabla ya sura ya kwanza ya kitabu kinachofuata.

Kaseti za *Kivuko cha Chini* zilifika Uyole siku ya mvua. Gideoni aliweka mawe mapya aliyokuwa ameyaficha kwa ajili hiyo, akavuta kiti. Damari alibonyeza mwenyewe. Mvua ilipiga mabati, naye akainamisha kichwa mpaka sikio likakaribia mashine, na huko, ukingoni mwa mto, mwana akarudi kumchukua mama yake, na mama akamwambia amechelewa.