Msimu Waliponinenepesha

Shavu langu lilikuwa limegandamizwa kwenye mkeka, na juu yangu alilala msichana mzito kama mlango wa ghala. Aliitwa Reyna Kaupp. Tangu aingie chuo kikuu chao kile kikubwa hakuna aliyewahi kumshinda. Bega langu la kulia lilikuwa chini. La kushoto lilikuwa bado juu, upana wa kiganja hivi, na kila nilipovuta pumzi alinisukuma likashuka kidogo zaidi. Mwamuzi alikuwa amelala kifudifudi karibu nasi, jicho lake likichungulia uwazi ule mwembamba. Katika mieleka, mabega yote mawili yakigusa mkeka, kwisha habari.

Ukumbi mzima ulikuwa ukinguruma. Nilisikia sauti moja tu, ya Kocha Skaar, na wala hakuwa akipiga kelele.

“Bega, Jolene. Nitunzie hilo bega.”

Halikuwa bega langu peke yangu.

Orval Skaar alifika Nordahl, chuo chetu kidogo, akiwa kijana, nywele zimejaa kichwani, akapewa chumba cha chini ya ukumbi, ubavuni mwa tanuri la kupashia chuo joto. Mikeka ya siku hizo ilishindiliwa manyoya ya farasi, ikichuna masikio ya vijana kama kisu butu. Mwaka wa kwanza walipigwa na kila mtu. Vyuo vikubwa vya Iowa vilikuwa vikiwaalika Nordahl ili wachezaji wao wa akiba wapate mazoezi. Skaar hakubishana na mtu. Aliwachukua watoto wa wakulima waliokwisha kuzoea kubeba ndama na kupigana na matope, akawafundisha subira. Vikombe vikaanza kuja. Kabati la vioo likajaa, vikapangwa kwenye madirisha ya maktaba, na kimoja, wanasema, kwa miaka mingi kilizuia mlango wa choo usijifunge. Mji nao ukaambukizwa. Hata mchungaji hakukubali kupanga harusi kabla ya kuangalia ratiba ya mieleka.

Lakini hayo yote yalikuwa ya wavulana. Tulipokwenda sisi, wasichana wachache tulioshikana mikono mlangoni kama wenye kesi, Skaar alikuwa mzee tayari, sikio lake moja limevimba na kujikunja kama kiazi kilichoiva. Alitutazama miguuni.

“Viatu mnavyo?”

“Tunavyo, Kocha.”

“Sasa mnangoja nini? Fungeni mlango, baridi inaingia.”

Kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha. Kwa mji, bado. Mkahawani kwa Verna, Elmer Voss, ambaye picha yake ya ubingwa ilikuwa ikitazama watu ukutani tangu ujana wake, alisema kwa sauti ili tusikie, “Skaar kazeeka. Siku hizi anafundisha ngoma.”

Verna alikuwa akimmiminia kahawa. “Elmer,” akasema, “wewe mtu wa mwisho kukuangusha alikuwa mkeo, na hata mkeka hakutandika.”

Mkahawa mzima ukaangua kicheko. Elmer akajificha nyuma ya kikombe. Lakini hakuja kututazama, si msimu ule wala uliofuata.

Mimi mwenyewe sikuwa na la kujivunia. Katika uzito wangu alikuwepo Briseida Quintero, na Briseida alinishinda kila tuliposhindania nafasi moja ya timu. Alinishinda kwa nguvu, akanishinda kwa akili, kisha akaninyanyua na kunipangusa mgongo kama mama. Kwetu tulifuga nguruwe. Wazazi wake walifanya kazi machinjioni, mji wa pili.

“Usihuzunike, dada,” aliniambia. “Nyinyi mnawafuga, sisi tunawachinja. Ndivyo dunia ilivyopangwa.”

Nilimpenda hivyohivyo. Hakuna anayekujua kama mtu anayekuangusha kila siku.

Kisha, Januari, Heidi wetu wa uzito wa juu kabisa akaumia goti. Timu ilikuwa haijapoteza pambano hata moja, na sasa hapakuwa na mtu wa kupigana mwisho, zamu ya wazito. Skaar aliniita kando.

“Unakula vizuri?”

“Kocha?”

“Kula. Chakula. Unakijua?”

“Nakula.”

“Ongeza. Utapigana kwenye nafasi ya Heidi.”

“Kocha, wale wataniponda!”

“Watakulalia,” alisema. “Kulaliwa siyo kupondwa. Nenda kwa Verna, nimeshampigia simu.”

Wanamieleka wote duniani hujinyima chakula wasizidi uzito wao. Mimi peke yangu, majira yale ya baridi, nilikuwa nikinenepeshwa kama nguruwe wa maonyesho. Wenzangu walitafuna majani ya saladi huku wananikodolea macho. Mimi niliwekewa mnofu wa nguruwe wa kukaanga unaozidi sahani, viazi vya kupondwa, na pai ya tufaha juu yake. Wanawake wa kanisani walileta mabakuli ya tambi na jibini. Nilipofika nyumbani mama alinipima kwa macho, akarudi jikoni. Siku moja tukakuta paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi limeachwa mlangoni mwa chumba cha mazoezi. Elmer Voss alikuwa akiharakisha kurudi kwenye gari lake, kofia imeshushwa usoni.

“Si lako!” alinipigia kelele bila kugeuka. “Ni la timu!”

Na kila baada ya mazoezi Briseida alivaa fulana iliyoshonwa mifuko ya mchanga, akanilalia.

“Unasukuma,” alinikemea sikioni. “Kwa nini unasukuma? Anataka umsukume. Ana uzito, wewe una nini? Mvute. Mvute kama unamwonea huruma.”

Nilijaribu. Nikashindwa. Nikajaribu tena huku pai ikinipanda kooni, na yeye akicheka mpaka mchanga ukamwagika.

Ndivyo tulivyofika fainali ya taifa, timu kwa timu. Tulianza vibaya, tukafufuka. Briseida aliingia kabla yangu, tukiwa nyuma, akamwangusha mpinzani wake kwa namna ambayo mpaka leo nikiifikiria nasimama wima. Tukawa sawa. Alipotoka alinipiga kofi la kifua, akasema, “Mwisho wa foleni ni wewe,” nami nikaingia kwa Reyna Kaupp.

Alinizidi pointi mapema. Alinibeba, akanitupa, akanilalia. Ndipo nilipokuwa, shavu chini, bega likishuka, na kila msuli mwilini ukinililia nisukume.

Nikamvuta.

Niliukumbatia mkono wake kifuani kama mtoto nisiyetaka achukuliwe, nikajikunja kuelekea kwake. Alikuwa ameegemea nguvu yangu, na nguvu yangu haikuwepo tena. Uzito wake wote ukapita juu yangu. Niliona taa za dari, kisha nikaona uso wake chini yangu, macho yamemtoka kwa mshangao, nami nikamlalia kwa mnofu wote wa Verna, kwa tambi zote za kanisani, kwa paja lile la Elmer. Kiganja cha mwamuzi kikapiga mkeka, paa!

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka Briseida akining'inia shingoni, akilia kwa Kihispania, na Heidi akirukaruka kwa mguu mmoja. Nakumbuka Skaar hakuinuka kitini.

“Ulichelewa,” aliniambia. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu sana.

Leo mimi ni daktari wa mifugo, na bega lile hunikumbusha baridi kabla haijafika. Mataji mengine ya wasichana wa Nordahl yamefuata, mengi, na walioyatwaa walikuwa bora kuliko sisi. Briseida ndiye aliyewafundisha. Lakini kurudi nyumbani mara ya kwanza kulikuwa kwetu.

Ilikuwa mchana, theluji inang'aa mashambani. Basi letu lilipovuka mpaka wa wilaya tukakuta gari la zimamoto linatungoja, likatutangulia. Nyuma yake, pande zote mbili za barabara, wakulima walikuwa wameegesha matrekta, taa zimewashwa juani, na watu wamesimama juu yake wamejifunga mablanketi, wakipiga honi, wakipunga kofia. Tulifungua madirisha yote, baridi iingie itakavyo.

Skaar alikuwa kiti cha mbele. “Taratibu, bwana,” alimwambia dereva. “Waache watu wawaone hawa.”

Dereva akapunguza. Tukasogea kidogo.

“Taratibu.”

“Kocha, nikipunguza zaidi ya hapa tutakuwa tumesimama.”

“Basi simama,” alisema Skaar. “Wafungulie mlango, washuke.”