Jiwe la Kusagia Manjano

Kikohozi kilimshika Mwalimu Tribhuvan mlangoni hata akaushikilia ukuta, na Sugiya akajua kwamba akinyamaza leo hatasema tena. Kwa miaka thelathini mzee huyu alizunguka magofu ya watawa wa Buddha nyuma ya kijiji akitafuta jambo moja tu: nyumba ile ya watawa iliitwaje. Wanakijiji walipaita Kilima cha Matofali, na nusu ya matofali yenyewe walikwisha kuyajengea. Ukuta alioushikilia mwalimu ulitoka hukohuko.

"Shemeji, chai iko wapi? Au unangoja nife ubane sukari?"

"Wewe ufe? Yama mwenyewe, mungu wa mauti, atakurudisha kwa maswali yako." Lakini hakucheka. "Unakumbuka uliponiuliza kama marehemu mume wangu aliokota jiwe lenye maandishi?"

"Miaka ishirini sasa. Ukasema hapana."

"Nilikudanganya."

Wakati ule Sugiya aliogopa. Serikali ingekuja kwa ajili ya jiwe, ingeyaona na matofali, nyumba ibomolewe. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wa Sugiya alikuwa keshaota meno.

Akaliburuta jiwe lake la kusagia viungo, akalisugua manjano yatoke. Miaka yote alisagia upande wa herufi kwa kuwa ulishika pilipili vizuri. Kila mwaka ulipolainika, alimwita mchonga mawe apitaye na patasi yake, audonoe upya ukwaruze, kama wafanyavyo wanawake wote wa Bihar.

Mwalimu akapiga magoti, akapapasa kona iliyosalia.

"'Nimelitoa mimi, mke wa mkamua mafuta, kwa watawa wa...'" Kidole kikafika kwenye vidonda vya patasi. "Basi. Jina lake na la mahali, yote yamekwenda."

"Mwanamke?" Sugiya akaketi chini. "Mimi nilidhani mfalme. Wafalme wana mawe mengi."

"Nilipokuuliza, yalikuwapo?"

"Yote. Yalikuwa yakinikwaruza vidole."

Mwalimu hakumkemea, na hilo lilimuuma zaidi. Alifungua daftari akanakili maneno yale machache.

"Andika na jina langu," Sugiya akasema. "Ijulikane nani kamfuta mwenzake."

Kalamu ikasimama. Tangu aolewe hakuna aliyelitaja; kijiji kizima kilimwita Mama Birju, na mwalimu alimwita shemeji.

"Kwani unaitwa nani?" akauliza kwa aibu.

Akalitaja, na machozi yakamtoka. Hakuwahi kulitamka ndani ya nyumba ile.