Stauti Iliyotiwa Thowi

Tangu homa ile imwachie, Frankline alisifu kila kitu nilichompikia. Hapo ndipo nilipojua mume wangu bado ni mgonjwa. Frankline ni mpishi wa hoteli, na tangu anioe hajawahi kula ugali wangu bila kuuliza kama unga ulikuwa na mchanga. Sasa nilipika omena nikasahau chumvi kabisa, naye akaramba vidole. Nilienda jikoni nikalia.

Ulimi wake ulikuwa umekufa. Hakusikia chumvi, hakusikia pilipili. Kazini walimtoa jikoni wakamweka kumenya viazi, na meneja akamwambia wazi kwamba mpishi asiyeonja hana kazi pale. Hayo niliyasikia kwa watu, sokoni Kibuye! Yeye mwenyewe kimya. Wanaume hawa, yawa!

Kisha akaanza kupika bia nyeusi, ile kali wanayoiita stauti. Rafiki yake Bhavin, ambaye hujipikia yake nyumbani, ndiye aliyemfundisha na kumpa hamira. Jumamosi nzima sufuria yangu kubwa ilichemsha kimea, shayiri iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi, na maua machungu yanayoitwa hopsi. Nyumba ikanuka mkate ulioungua. Mimi ni mtu wa kanisa, nikanuna.

"Kama kuna kitu kitaniamshia ulimi, ni uchungu huu," akaniambia. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukiri kwamba ulimi umekufa. Nikaacha kununa. Akaimimina kwenye ndoo, akafunika, akaapa atakayeigusa atamjua yeye ni nani.

Mama yake, Dani Dorca, akaja kututembelea kutoka Kombewa. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Mgeni huyu nilimkuta amefunua ndoo, mkono umejaa unga.

"Dani! Umefanya nini?"

"Pombe yenu imelala, nyathina. Haina hata povu. Nimeitilia thowi kidogo."

Wuololo! Thowi ni kimea cha wimbi, kile anachoamshia busaa, pombe yao ya nafaka, kwake nyumbani. Lakini busaa hutakiwa kuwa chachu. Stauti ikiwa chachu imeharibika. Siku tatu baadaye nilichota kijiko nikaonja, Mungu anisamehe. Siki tupu!

Nilitaka kumwambia Frankline. Kisha wazo likanijia, nikaketi. Bia hii hakuna mwenye ulimi mzima atakayeimeza akanyamaza. Akiisifu, basi, tumekwisha. Nikamwomba Dani afunge mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe, akanitii.

Siku ya kuonja ilikuwa Jumapili ya wiki ya pili, baada ya kanisa. Frankline akamimina glasi moja. Nyeusi tii, povu la rangi ya chai ya maziwa juu. Akainusa. Uso haukubadilika. Akanywa funda. Nilishika meza kwa mikono miwili. Wake wengine huomba waume zao wapoe. Mimi nilikuwa naomba wangu akasirike.

Akanywa funda la pili, akatazama dari. Moyo ukaniambia: anatafuta neno la kusifia.

"Nani," akasema polepole, "nani ametia takataka kwenye bia yangu?"

Dani akanitazama.

"Hii ni siki! Nani amefungua ndoo yangu? Mama, ni wewe? Umetia nini, thowi? Thowi kwenye stauti, Mama? Umeniharibia ndoo nzima!" Alikuwa amesimama, na majirani wote walimsikia.

Dani akapiga kigelegele. Mimi nilikuwa nacheka na kulia pamoja, sina haya, nimeshika kitambaa cha meza najifutia makamasi. Frankline akatukodolea macho, akiona tumerukwa na akili sote wawili. Akafungua mdomo aendelee kufoka, akaufunga.

Akaketi. Akainua glasi taratibu, akanywa funda kubwa kuliko yote. Uso mzima ukakunjamana, machozi yakamtoka.

"Ni mbaya," akasema. "Mama, ni mbaya kabisa."

Kisha akaimaliza yote, akaninyooshea glasi nimwongeze.