Kwenye Visiwa vya Mchanga

Mapigano ya Julai yalipotulia, Severino hakurudi. Alikuwa ametoka nyumbani, mtaa wa Malakia, kuteka maji, na risasi zikaanza kabla hajafika mtoni. Dada yake Santina alimtafuta hospitalini na kwenye kambi ya waliokimbia mapigano, kisha akaacha. Watoto wa Severino, Poni na mdogo wake Cirillo, walibaki na shangazi yao Santina. Mama yao walishamzika Arua, walipokuwa wakimbizi Uganda.

Kiangazi kilipofika maji yalipungua, na visiwa vya mchanga vikajitokeza katikati ya mto. Kila Jumapili, baada ya misa, Jada mwenye mtumbwi aliwavusha hadi kisiwa cha mbali kisichofikiwa na watu, akawaacha waokote kilicholetwa na maji: makombe, madumu yaliyotoboka, kandambili za mguu mmoja, kuni zilizolainishwa na mto. Santina alidhani watoto wanajifurahisha. Yeye hakuhisi kitu. Aliinama, akaokota, akainuka.

Jumapili moja Cirillo alisimama penye magugu, akitazama chini. Santina alipomfikia aliona mwanamume amelala kifudifudi, shati limenasa kwenye mizizi. Akamshika mtoto amgeuze upande mwingine. Poni akawapita, akapiga magoti, akautazama mkono wa kushoto wa maiti.

"Si baba," alisema. "Huyu vidole vyake vimetimia."

Cirillo akarudi kuokota kuni.

Santina aliuliza wamekuwa wakimtafuta baba yao huku tangu lini. Poni akajibu kwamba tangu siku ya kwanza walipovuka.

"Tulijua na wewe unamtafuta, shangazi."

 Santina alikata dumu kwa kisu, wakachimba kwa vipande vyake, zamu kwa zamu, mpaka shimo likatosha. Poni akasali kama walivyofundishwa kanisani Kator. Santina alingoja machozi; hayakuja.

Jada alipowafuata aliliona kaburi, akauliza kwa upole kama ni mtu wao. Santina akasema hapana. Jada akavua kofia, akaongeza mchanga kwa mikono yake, kisha akawavusha. Jioni watoto walikula wakashiba.

Jumapili iliyofuata Jada alianza kuelekeza mtumbwi kule kule walikozoea. Santina akamzuia. Akamwomba awapeleke chini zaidi, mto unakoelekea, kwenye visiwa ambavyo hawajavipitia bado.