Droni Iliyopakwa Nta

Mume wangu Severini aliapa kwamba hapandi gari la kwenda Mpanda mpaka awaone nyuki wake. Aliapa akiwa amekaa kwenye kiti cha kamba, mguu wa kushoto kaunyoosha juu ya gunia la mahindi, na akishaapa hivyo hata paroko hamwezi.

Mguu huo aliuvunja alipoteleza mtini akitundika mzinga. Mfupa umeunga, ila goti limekaza kama mlango uliovimba kwa mvua. Daktari kasema aende mjini, akafanyishwe mazoezi kila siku, la sivyo atatembelea fimbo maisha yake yote. Binti yetu Matilda ameshamwandalia chumba kwake Shanwe, huko huko mjini. Kilichobaki ni mzee kukubali.

"Nitaondokaje bila kuwaaga?" ndilo jibu lake. "Na nitawaagaje wakati sijui kama wapo?"

Mizinga yake iko bondeni, ng'ambo ya kijito, huku kwetu Sibwesa. Mimi nilishakwenda, nikatazama juu mpaka shingo ikauma. Macho yangu siku hizi yanauona mti. Kilichomo mtini yananiachia nikisie. Nikarudi nikamwambia, "Wamo."

"Umewaona?"

Nikajifanya nachambua mboga.

Akaenda mwanetu Deogratias, ambaye anaogopa nyuki kuliko simba. Akachungulia kwa mbali, akarudi mbio. "Baba, mizinga ipo yote."

"Mizinga najua ipo, niliitundika mimi. Nauliza nyuki!"

Hasa alikuwa anaulizia ule mzinga wa kwenye mti wa mninga, uliomwangusha. Hakuwahi kujua kama nyuki waliuingia. Usiku alikuwa anageuka geuka, nami najua si goti linalomsumbua.

Basi asubuhi moja akaja mjukuu wetu Agape, binti wa Matilda, anayepiga picha za harusi huko mjini. Kaja na gari na dereva, Salvatori, kumchukua babu yake. Kabla hajaweka begi chini nikamdaka.

"Kitendawili!"

"Tega, mke mwenza."

"Harusi ya mjini ina mgeni asiyekula pilau, asiyecheza muziki, lakini kila mtu anamtazama yeye kuliko bibi harusi."

Akacheka, akafungua begi, akatoa kidude cheupe chenye mapanga manne madogo kama panga boi lililozaa. "Huyu hapa. Droni yangu. Kitendawili chepesi hicho, bibi, umezeeka."

"Nimezeeka, lakini mzee bado wangu."

Severini hakucheka. Alikuwa anaitazama droni, na mimi niliyeishi naye tangu nikiwa msichana nikaona wazo linapanda usoni mwake kama uji unaochemka.

"Mchumba," akamwita Agape, "hiyo inaweza kufika bondeni?"

"Inafika, babu. Na wewe utaona kwenye simu hapa hapa kitini."

"Inapiga kelele?"

"Kidogo."

Uso ukashuka. "Basi iache. Nyuki wageni hawataki usumbufu. Ukiwaudhi hawakwambii, wanahama tu. Nitakuwa nimewafukuza mwenyewe kwa kutaka kuwaona."

Agape akachuchumaa mbele yake, akamshika goti lile bovu. "Babu, mwaka jana nilirusha kwenye harusi Litapunga, jua kali, alizeti zimechanua. Nikashuka chini chini kwenye maua ili picha ipendeze. Iliporudi nikakuta nyuki wamekatika kwenye mapanga. Nilijisikia vibaya, yaani hata keki sikula. Tangu siku hiyo juu ya maua sishuki. Nakaa juu, mbali, halafu kamera ndiyo inavuta. Ina jicho refu."

Severini akakuna ndevu. Kisha akasema kama mtu anayepanga safari, "Hewani sawa. Lakini watasikia harufu ya mgeni. Lusia, lete nta."

Nikaleta, tena mbio. Nilikuwa na bonge zuri la msimu uliopita. Mwaka wa ndoa yetu Severini alinifundisha kwamba ukienda kwenye nyuki usijipake manukato, wala usinuke kitunguu. Sasa droni ikinukia nta, si itakuwa kama ndugu yao? Niliona ni akili kubwa. Agape alikunja uso kidogo, ila akasema, "Babu ni fundi wa nyuki, mimi ni fundi wa kuruka." Tukaipaka mwili mzima, isipokuwa jicho. Ikang'aa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Tukaianika kwenye mkeka uani, betri za akiba zikaenda kuchajiwa kwenye gari, sisi tukaingia kunywa chai na viazi.

Salvatori ndiye aliyetoka kwanza. Akarudi ndani haraka kuliko alivyotoka.

"Bibi, droni imeota manyoya."

Tukatoka. Jamani! Nyuki walikuwa wameifunika. Wengine wanaingia chini ya mapanga, wengine wanatoka, wengine wanatembea mgongoni polepole wanapima huku na huku, kama watu walioonyeshwa kiwanja.

Severini, kwenye kiti chake mlangoni, alitazama, akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Mwe! Lusia! Nta ndiyo ninayopaka kwenye mzinga mtupu ili kuwaita! Nimewapakia nyumba!"

Halafu akacheka. Alicheka mpaka gunia la mahindi likateleza chini ya mguu, mpaka Deogratias akachungulia dirishani kuuliza kama baba yupo salama. Tangu aanguke sikuwa nimekisikia kicheko hicho. Nami nikacheka, nikakaa chini kabisa, kanga mdomoni.

"Fundi wa nyuki," Agape akasema, "wapangaji wako wanataka funguo."

Ila Salvatori alikuwa anaangalia jua. "Dada, iwashe tu. Ikizunguka watatawanyika wenyewe, tuwahi kurudi."

"Watakatika," akasema Agape.

"Ni nyuki tu, dada."

"Ni nyuki wa babu. Siiwashi."

Severini akaacha kucheka, akamtazama yule binti. Akasema taratibu, "Jua likipoa watarudi kwao. Waacheni. Salvatori, baba, leo utalala hapa, kuna kuku."

Salvatori aliposikia kuku, haraka yake yote ikaisha.

Na kweli, jioni nyuki waliondoka mmoja mmoja. Agape akaifuta droni kwa kitambaa chenye mafuta ya alizeti kidogo, nta ikaachia, kisha kitambaa cha sabuni, kisha kikavu. Mimi nikainusa kila pembe. Haikunukia kitu.

Alfajiri tulimtoa mzee nje na kiti chake, tukamfunika blanketi mabegani. Umande ulikuwa mzito, maua yamejifunga na nyuki hawajaanza kazi. Droni ikapanda juu, juu, mpaka kelele yake ikawa kama ya mbu aliye chumba cha jirani.

"Fuata kijito," Severini akaelekeza, simu kaishika kwa mikono miwili. "Hapo kwenye jiwe kubwa, kulia. Usipite mbele ya mdomo wa mzinga, hapo ndipo njia yao. Kaa ubavuni."

"Nipo mbali, babu. Navuta jicho."

Mzinga wa kwanza ukatokea, mdomoni weusi wa kupitiwa pitiwa. "Hao wamo," akasema. Wa pili wamo. Mmoja ulikuwa na utando wa buibui mlangoni, huo akaupungia mkono akasema, "Wewe pumzika." Kisha ukaja mninga, na mzinga wa mwisho, na sote tukaacha kupumua. Hakuna utando, lakini nyuki pia hakuna.

"Subiri," akanong'ona, kana kwamba watamsikia. "Jua liwaguse kwanza."

Tukasubiri. Mwanga ukashuka mtini kidogo kidogo, ukaufikia ule mdomo. Akatoka nyuki mmoja. Akasimama. Akatoka wa pili. Mara wakamiminika kama mchele unaomwagwa kwenye ungo, wakapaa kila mmoja na njia yake.

Severini alivua kofia. "Asubuhi njema," akawaambia kwenye simu. "Naenda mjini mara moja. Msihame, nitarudi na mguu wangu."

"Nisogee kidogo, babu? Ni picha nzuri sana."

"Hapana, mchumba. Umepiga hodi, wameitikia. Chumbani usiingie."

Droni iliporudi, Agape aliigeuza, tukakagua mapanga yote manne. Yalikuwa na umande tu.

"Lusia," mzee akasema, "nitolee shati langu la kanisani."

Walimpakia siti ya mbele, mguu kaunyoosha, uso kama wa siku tuliyofunga ndoa. Sasa, lazima mjue kitu kimoja. Miaka yote nimetega vitendawili nyumbani humu, na yeye hajawahi kutega hata kimoja; anasema ni mambo ya watoto na ya mkewe. Salvatori alikuwa ameshawasha gari pale mzee alipotoa kichwa dirishani.

"Kitendawili!"

Nilipigwa na butwaa hata nikachelewa. "Tega!"

"Nimekwenda kuwaaga jirani zangu wote, na kitako hakijaacha kiti."

Agape akafungua mdomo, nikamkata jicho. Jibu nilikuwa nalo, hata kuku wa pale uani walikuwa nalo. Lakini anayeshindwa si lazima atoe mji?

"Kimenishinda, mume wangu," nikamwambia. "Nakupa Mpanda, mji mzima. Nenda ukatembee humo kwa miguu miwili, kisha uje unirudishie."

"Nimeupokea!" akasema, na gari likaondoka.